Jua Halipo, Lakini Anajua

Mwaka 2024 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza wimbo "Ain't No Sunshine" wa Bill Withers katika orodha ya rekodi za sauti zinazohifadhiwa kwa niaba ya taifa hilo, orodha ambayo kila mwaka huongezewa rekodi 25 zenye umri wa miaka 10 au zaidi. Habari za aina hii huchanganywa haraka na takwimu za soko la muziki la Marekani, ambazo kwa miaka kadhaa sasa zinaonyesha kwamba zaidi ya asilimia 70 ya muziki unaosikilizwa huko ulitoka zaidi ya miezi 18 nyuma, na kutokana na mchanganyiko huo hitimisho hutolewa bila jasho: watu wanaishi kwa kumbukumbu, vijana wa leo hawajui kutunga nyimbo za mapenzi yaliyovunjika, na wimbo huu umedumu kwa sababu ni wa enzi ya dhahabu. Naona hitimisho hilo limekosea mahali pa msingi kabisa. Wimbo huu haukudumu kwa sababu ni wa zamani, wala kwa sababu unagusa kila aliyewahi kuachwa. Umedumu kwa sababu, ukisikilizwa vizuri, si wimbo wa kuachana hata kidogo. Ni wimbo wa mtu anayejua kinachomwangamiza na ambaye kujua kwake hakumsaidii lolote, na mtunzi wake, kwa bahati zaidi kuliko kwa mpango, aliuacha moyo wa wimbo huo ukiwa mtupu ili kila msikilizaji aujaze kwa yake.

Tuanze na mtunzi mwenyewe, kwa kuwa maisha yake hayafanani na ya nyota wengi wa R&B, mtindo wa muziki wa Wamarekani weusi, wa wakati wake. Withers alizaliwa mwaka 1938 katika Slab Fork, mji mdogo wa wachimba makaa ya mawe katika jimbo la West Virginia. Alikuwa na kigugumizi, akafiwa na baba yake akiwa bado mtoto, akajiunga na jeshi la wanamaji na kulitumikia kwa miaka tisa, kisha akahamia Los Angeles na kuajiriwa kwenye kiwanda kilichotengeneza vyoo vya ndege. Alipoingia studio kurekodi albamu yake ya kwanza, "Just As I Am", iliyotoka mwaka 1971 chini ya lebo ndogo ya Sussex, alikuwa ametimiza miaka 32, umri ambao katika biashara ile ulihesabiwa kuwa wa uzee. Prodyuza alikuwa Booker T. Jones, aliyewaleta Donald "Duck" Dunn kwenye besi na Al Jackson Jr. kwenye dramu, na gitaa akalipiga Stephen Stills. Picha ya jalada ilipigwa kazini kwake, wakati wa mapumziko ya mchana: amesimama ukutani na kisanduku cha chakula mkononi. Aliendelea na ajira yake kwa sababu hakuiamini biashara ya muziki, na wimbo ulipofikia mauzo ya kiwango cha dhahabu, kampuni ilimtunuku kiti cha choo kilichopakwa dhahabu. Mzaha huo una uzito wake. Wimbo ambao leo unatajwa kama zao la enzi tukufu ulitungwa na fundi wa kiwandani ambaye enzi hiyo ilikuwa haijamwona.

Sasa tuyatazame maneno yake, maana hapa ndipo watu wengi wanaposikia kitu ambacho hakikuimbwa. Anayeimba hatuambii kwamba ameachwa. Anatuambia kwamba kila mpenzi wake akiondoka jua hutoweka, kwamba kila akienda hukawia mno, na kwamba anajiuliza safari hii amekwenda wapi na kama amekwenda moja kwa moja. Tuna bahati kwamba katika Kiswahili "safari hii" ni mwendo na ni mara kwa pamoja, kwa hiyo mstari huo ukitamkwa kwetu unafichua haraka zaidi kile ambacho Kiingereza chake kinakisema kwa chini chini: kulikuwa na safari nyingine kabla ya hii, na bila shaka nyingine itafuata. Nyumba ipo, ila si nyumbani tena. Mlango ambao mwanamke huyo ametokea si mlango uliofungwa. Ni mlango unaobembea, na kinachomtesa anayebaki ndani ni huko kubembea. Withers mwenyewe alieleza kuwa wazo lilimjia baada ya kutazama kwenye televisheni filamu ya mwaka 1962, "Days of Wine and Roses", inayohusu mume na mke waliozama katika ulevi, leo huyu ana nguvu na yule hana, kesho wamebadilishana. Alisema mtu huweza kukitamani kitu ambacho hakikuwa na heri kwake, akafananisha hali hiyo na kurudi kujipakulia tena sumu ya panya. Mlevi haachani na chupa mara moja kwa machozi na kwaheri. Anaachana nayo kila Jumatatu.

Katikati ya wimbo ndipo penye jambo lililoufanya uwe tofauti na maelfu ya nyimbo zilizoimba huzuni kabla na baada yake. Withers anaimba maneno mawili ya Kiingereza ambayo sisi tunayasema kwa neno moja, "najua", na anayarudia mara 26 mfululizo huku ala karibu zote zikiwa zimemwacha na midundo ya dramu tu. Hakukusudia iwe hivyo. Ulikuwa ubeti ambao alitarajia kuuandikia maneno baadaye, na "najua" zile zilikuwa za kushikilia nafasi tu, kama fundi anavyoweka gogo chini ya dari wakati anasubiri nguzo. Wanamuziki waliokuwa studio wakamwambia auache ulivyo. Naye, akiwa mgeni katika chumba cha watu wenye uzoefu, akakubali. Kwa hiyo sehemu ya wimbo ambayo kila mtu anaikumbuka ni sehemu ambayo haikuandikwa.

Najua nini? Kiswahili kinatulazimisha kuuliza, kwa sababu kwetu kitenzi hicho kikikaa peke yake kinadai kitu cha kujulikana, na kinapokosa kitu hicho kinakuwa na matumizi mahususi sana. Kijana anayeshauriwa na mjomba wake kuhusu mke, au kuhusu pombe, au kuhusu deni, hufika mahali akaanza kusema "najua, mjomba, najua, najua," na kila aliyewahi kukaa kwenye mkeka wa mashauri ya aina hiyo anafahamu kwamba pale ndipo mazungumzo yalipokufa. Anayesema hivyo hatoi taarifa. Anaziba masikio kwa adabu. Mara zile 26, zikisikilizwa kwa sikio hilo, zinageuka kuwa nusu ya mazungumzo: kuna mtu mwingine chumbani ambaye hatumsikii, rafiki au mama au dhamiri, anayetoa sababu moja baada ya nyingine, na kila sababu inapokelewa kwa jibu lile lile, hadi mwishoni mwimbaji anapokiri kwa kifupi kwamba yampasa kuachana na kimwana huyo, halafu pale pale anarudi kwenye jua lisilowaka. Wahenga walikwisha kumfahamu mtu huyu. Ndiye mwenye sikio la kufa, lisilosikia dawa. Na sitaki kulazimisha maana katika sadfa ya lugha, lakini msikilizaji wa Kiswahili hawezi kuikwepa: wimbo mzima umesimama juu ya vitu viwili, jua analolikosa na kujua anakokuwa nako tele, na kwetu vitu hivyo viwili vinaandikwa kwa herufi zile zile. Kimoja anakihitaji na hana. Kingine anacho mara 26 na hakina kazi.

Nimewahi kuiona nguvu ya sehemu hiyo kwa karibu mara moja tu ninayoikumbuka vizuri, katika hoteli moja ya pwani ambako bendi ya nyimbo za kigeni ilikuwa ikiwapigia watu waliokuwa wakila zaidi ya kusikiliza. Mwimbaji alipoanza zile "najua", kelele za vijiko zilipungua, na wanaume watatu kwenye meza ya kando wakaanza kuhesabu kwa vidole, kwa utani. Mpiga dramu aliingia mapema, kama kwenye ya 20 hivi, na mmoja wao akampigia kelele amwachie mwimbaji amalize. Nilichokiona usoni mwa mwanaume huyo wakati ule hakikuwa utani tena.

Turudi kwenye hoja za upande wa pili, nikianza na ile iliyo dhaifu kuliko zote, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayosemwa sana: kwamba muziki wa miaka ile ulikuwa bora na ndiyo maana unadumu. Hoja hii inahesabu walionusurika na kuwasahau waliozama. Septemba 1971, mwezi ambao "Ain't No Sunshine" ilifika nafasi ya 3 katika chati kuu ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, kilele cha chati hiyo kilishikwa kwa wiki tatu na kijana Donny Osmond kwa wimbo "Go Away Little Girl", ambao nao, kwa kejeli ya historia, unahusu mtu anayemwomba msichana aondoke kwa kuwa hajiamini. Sijawahi kusikia bendi yoyote ya hoteli ikiombwa kuupiga. Ushahidi mkali zaidi uko kwenye santuri yenyewe. Kampuni ilipoitoa, "Ain't No Sunshine" iliwekwa upande B. Upande A, ule uliokusudiwa kuvuma, ulikuwa na wimbo "Harlem". Mwimbaji alikuwa yule yule, prodyuza yule yule, albamu ile ile, mwaka ule ule, hata plastiki ni ile ile. Kama enzi ndiyo ingekuwa inayodumisha wimbo, nyimbo hizo mbili zingedumu pamoja kama pacha. Watangazaji wa redio waliigeuza santuri, na tangu hapo upande A umebaki kuwa swali la chemsha bongo. Ni jambo la kujiuliza pia kwa nini sisi tumekubali kuziita nyimbo kama hizi "zilipendwa", kwa kitenzi kinachodai kwamba mapenzi yenyewe yamekwisha, wakati anayeuomba wimbo huu leo ni kijana ambaye hata mama yake alikuwa hajazaliwa ulipotoka.

Hoja ya pili ina heshima zaidi. Inasema wimbo umedumu kwa sababu maumivu ya kuachwa ni ya watu wote na mwimbaji aliyaimba kwa ukweli wa mtu aliyekutwa nayo. Nusu ya kwanza ni kweli lakini haielezi chochote, kwa kuwa kama maumivu ya watu wote yangetosha, basi kila wimbo wa kuachwa ungedumu, na tunajua kwamba nyingi hufa kabla ya msimu wa mvua unaofuata. Nusu ya pili haisimami mbele ya historia. Tumekwisha kuona kwamba mbegu ya wimbo ilitoka kwenye filamu ya watu wengine, na mwaka ule ule wa 1971 Michael Jackson aliurekodi akiwa na umri wa miaka 13, umri ambao hauna nyumba ya kuachwa ndani yake. Toleo lake halichekeshi, na sababu ni kwamba waliomwongoza waliufahamu wimbo unahusu nini: linaanza kwa maneno ya kuzungumza kuhusu kukitaka kitu ambacho unajua hupaswi kuwa nacho, na jinsi kujua huko kunavyozidisha kukitaka. Mtoto hawezi kujua talaka. Ila hakuna mtoto asiyejua kutamani alichokatazwa, na huo, kwa maoni yangu, ndio ushahidi mzuri kuliko wote kwamba uzito wa wimbo haukuwahi kuwa kwenye kuachana.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu, nami siwezi kuifuta yote. Inasema nyimbo hazidumu zenyewe, zinadumishwa: na filamu, na matangazo ya biashara, na wamiliki wa hakimiliki wanaozisukuma, na siku hizi na algorithimu zinazotuletea tena kile tulichokwisha kukisikia. Ni kweli kwamba watu wengi wa rika langu waliufahamu wimbo huu kupitia filamu "Notting Hill" ya mwaka 1999, katika kipande kile ambacho mwanaume aliyeachwa anatembea katika soko la mtaani huku misimu ya mwaka mzima ikibadilika nyuma yake. Kipande hicho ni kizuri, na kimechangia sana kuueleza vibaya wimbo, kwa sababu kinaugeuza kuwa muziki wa mtu anayepona polepole kadiri miezi inavyopita, wakati ndani ya wimbo wenyewe hakuna mwezi unaopita. Kuna siku moja tu inayojirudia. Pamoja na hayo, nguvu za biashara zinaeleza jinsi wimbo unavyosafiri, hazielezi kwa nini huu ndio unaochaguliwa kusafirishwa. Mara ya kwanza biashara ilipopata nafasi ya kuchagua, ilichagua "Harlem". Wala hapakuwa na nyota wa kuutangaza wimbo kwa kuzunguka majukwaani miaka nenda rudi, maana Withers alitoa albamu yake ya mwisho mwaka 1985, akachoshwa na kampuni za kurekodi, akaondoka. Aliishi hadi Machi 2020 bila kurudi kwenye kazi hiyo, na katika miaka hiyo 35 wimbo uliendelea bila yeye.

Kuna hoja nyingine ndogo ambayo husemwa upande wetu wa dunia, kwamba nyimbo hizi tunazipenda kwa kufuata mkumbo wa Kimarekani bila kuelewa maneno. Septemba 1974, katika tamasha la siku tatu lililofanyika Kinshasa kuelekea pambano la Muhammad Ali na George Foreman, Withers alikuwa miongoni mwa wanamuziki waliopanda jukwaa moja na James Brown, B.B. King, Miriam Makeba, Franco na Tabu Ley. Picha za filamu zilizobaki zinamwonyesha akiimba "Hope She'll Be Happier", wimbo mwingine wa albamu ile ya kwanza, kwa gitaa lake tu, katikati ya tamasha ambalo karibu kila mtu mwingine alilijia na tarumbeta na wachezaji. Sitadai kwamba nafahamu watazamaji wa Kinshasa walisikia nini moyoni. Ninachoweza kusema ni kwamba muziki unaotegemea kurudia neno moja hadi libadilike maana si jambo geni kwa mtu aliyekulia kwenye dansi la Kongo au kwenye taarabu, ambako kiitikio hurejewa mpaka kinamfikia aliyelengwa, na kwamba neno lenye maana ya "najua" likirudiwa mara 26 kwa sauti ile halihitaji mkalimani.

Kama uchambuzi huu una ukweli, basi watunzi wetu wa sasa wana la kuangalia, na si lile wanaloambiwa. Wanaambiwa kwamba nyimbo zao ni fupi mno, kwamba simu na majukwaa ya kusikilizia muziki, ambayo baadhi huhesabu msikilizaji baada ya sekunde 30 tu, yameua utunzi wa kweli. Lakini wimbo huu una dakika mbili na sekunde chache, na unaanza na sauti bila utangulizi wowote wa ala. Kwa vipimo vya simu ulikuwa tayari nusu karne kabla ya simu zenyewe. Ufupi si ugonjwa. Ugonjwa, nikisikiliza nyimbo nyingi za kuachana zinazotoka sasa, ni maelezo: nani alimkuta nani na nani, ujumbe gani ulisomwa kwenye simu ya nani, zawadi zipi zilinunuliwa na kwa pesa gani, mpaka msikilizaji anageuka kuwa hakimu wa kesi isiyomhusu. Kesi ya mtu ikishaelezwa yote inabaki kuwa yake. Withers hakutupa jina, hakutupa kosa, hakutupa hata rangi ya gauni, na alipofika mahali ambapo mtunzi mwingine angeleta ushahidi, hakuwa na maneno. Maprodyuza wanaowashauri vijana waongeze ubeti wa tatu wangefanya vizuri kukumbuka kwamba wale wa Los Angeles, waliokuwa na uzoefu kuliko mtunzi, walitumia uzoefu huo kumshawishi asiandike.

Aprili 2015 Withers aliingizwa katika jumba la heshima la muziki wa rock and roll, katika hafla iliyofanyika Cleveland. Aliyemkaribisha alikuwa Stevie Wonder, na ni Wonder aliyeuimba "Ain't No Sunshine" usiku huo. Mwenye wimbo alikuwa ameketi kando yake, akisikiliza.